Sanduku Lililopanda Lenyewe

Kutoka Galatone hadi baharini si mbali. Mtu akiwasha sigara kwenye kona ya kanisa na kuivuta bila pupa, atafika Santa Maria kipisi bado kina moto. Siku ikiwa safi, ukipanda mnara wa kengele unayaona mawimbi, na wapo wanaoapa kwamba wameona hata nani anaoga na nani anajifanya anaoga. Lakini ikiingia Agosti, watu wa Galatone hufungasha kama wanaohamia Ajentina na hawana nia ya kurudi.

Meza, godoro, friji, cherehani, chungu cha kuchemshia nyanya ambacho nyumbu angeweza kuogelea ndani yake, ndege ndani ya tundu, Mtakatifu Roko ndani ya kioo na mbwa wake mguuni, vyote hushuka baharini. Na mikate mikavu ya duara, magunia kwa magunia, maana nani ajuaye kama huko pwani watu bado wanakula. Mwaka mmoja ukoo wa mwokaji ulibeba mlango wa nyumba, kwa sababu mzee wao hakuweza kupata usingizi bila kusikia mlango wake ukilia. Waliuegemeza ukutani kule Santa Maria, na kila jioni wakapeana zamu ya kuutikisa.

Katika watu wote hao, hakuna aliyefunga mzigo kama Pompilio kinyozi. Alikuwa bwana mwembamba, sharubu zake kama mstari wa penseli, na alijifunza kamba Uswisi, alikokwenda ujanani kujenga bwawa. Huko walimning'iniza juu ya bonde refu kiasi kwamba kofia yake ilipoanguka Jumatatu, alisikia imefika chini Jumatano. Ni huko huko habari zilipomkuta kwamba mama yake amefariki. Theluji ilikuwa imefunga njia. Alipofika Galatone, maua ya kaburini yalikuwa yameshakauka, nyumba imeshafagiliwa, na yeye hakumuuliza mtu kitu. Angeuliza nini?

Alirudi tena Uswisi, akamaliza bwawa, kisha akaja nyumbani moja kwa moja na kiti cha kinyozi. Alikibeba kwenye treni kutoka Zuriki, na njia nzima alikikalia katikati ya behewa, abiria wawili wakamwomba awanyoe. Kiti alikuwa nacho. Pa kukiweka, hakuna. Ndipo Tora, mjane wa fundi mawe, alipomwonyesha chumba cha chini cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara, akamwambia mbele ya uchochoro mzima, "Weka kiti chako hapo, kijana, kabla hakijaota mizizi mgongoni." Akaweka kiti, akatundika kioo, na baada ya mwaka akamwoa Donata, binti wa Tora. Wakamzaa Rina. Juu walilala, chini alinyoa. Na asubuhi kahawa ya kwanza ikitoka jikoni, Tora alimmiminia yeye kabla ya binti yake mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya Pompilio, na hakutaka mengine.

Sasa asubuhi hiyo ya kushuka baharini, gari lake dogo lilikuwa uani limepiga magoti kama ngamia. Friji ilikuwa imelazwa kwenye keria, godoro juu ya friji, meza juu ya godoro miguu ikitazama mbinguni.

"Baba Rina!" Donata aliita kutoka dirishani. "Tundu la ndege liko wapi?"

"Ndani ya friji."

"Ndani ya friji?"

"Imezimwa, mama Rina, na mlango nimeuacha wazi. Ana kivuli, ana hewa, ana rafu yake. Yuko salama kuliko mimi."

"Na chungu cha nyanya?"

"Rina amekaa ndani yake."

"Jua linanichoma, Baba!" sauti ya mtoto ikatoka chunguni.

"Vaa kifuniko!"

Ndipo Pompilio alipoliona sanduku. Lilikuwa la kahawia, la kizamani, limefungwa kwa mkanda wa mwanamume, nalo lilikuwa limesimama peke yake pembeni ya kisima. Hakulikumbuka mwaka jana. Hakulikumbuka mwaka wowote.

"Hili la nani?" akauliza.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyasi, bakuli mapajani, anachambua maharage.

"La mwenyewe," alisema Tora.

"Mwenyewe ni nani?"

"Wewe funga mizigo, kinyozi. Jua halikungoji."

"Mama, nafasi hakuna. Nikiweka hili, Rina atasafiri juu ya bega langu."

"Bega lako lina kazi gani nyingine?"

Pompilio akacheka, akalisogeza sanduku hadi nyuma ya mlimau, akaingia jikoni kunywa maji. Aliporudi, sanduku lilikuwa juu ya keria, wima katikati ya miguu ya meza, kama padri mimbarini.

Akalitazama. Akamtazama Tora. Tora alikuwa na maharage yake, na huyu ni mwanamke ambaye Jumapili alishikwa mkono ili ainuke kanisani.

"Nani amelipandisha?"

"Lipi?"

Akalishusha. Safari hii akaliweka kwenye banda la kuku, akazunguka upande wa pili wa gari kukaza kamba. Alipoinua uso, sanduku lilikuwa limelala chini ya godoro, limejipenyeza kwenye pengo ambalo yeye mwenyewe, bwana wa kamba, alikuwa ameapa kwamba halipo. Lilikuwa na unyoya wa kuku kwenye mkanda.

"Donata! Umeshuka hapa?"

"Niko juu nakunja mashuka! Una nini wewe?"

Pompilio akafuta jasho. Akalishusha tena, akalipeleka barabarani kabisa, akaliegemeza kwenye ukuta wa nje, nje ya nyumba, nje ya lango. Akarudi, akafunga fundo moja, moja tu. Akageuka. Sanduku lilikuwa limekaa kwenye kiti cha dereva.

Aliwahi kuona mengi juu ya lile bonde la Uswisi, lakini huko vitu viliporomoka kwenda chini, kama inavyotakiwa. Hakuwahi kuona kitu kinachopanda chenyewe. Akalishika sanduku kwa mikono miwili kama mtu anayemkamata mwizi, akaingia nalo kwenye chumba chake cha kinyozi, akafunga mlango, akaliweka kwenye kile kiti cha Zuriki, likatazamana na kioo.

"Sema," akaliambia. "Unataka nini?"

Na kwa kuwa halikusema, akafungua mkanda.

Kwanza ilikuja harufu, lavenda na mapera ya kukausha. Kisha gauni la buluu iliyokolea, jipya, vifungo vyake vidogo vyeupe kama meno ya mtoto. Chini ya gauni, shimizi nyeupe yenye lesi ambayo mtu angeweza kupofuka akiishona. Soksi ndefu za hariri, bado zimo kwenye karatasi yake. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, soli zake hazina hata mkwaruzo, soli ambazo hazijawahi kukanyaga ardhi. Kitambaa cha mkono chenye herufi za Tora zilizotariziwa. Chupa ndogo ya marashi. Pete ya ndoa ya mwanamume, kubwa, imefungwa kwenye pamba. Utepe mweupe wa satini, mrefu, umekunjwa kwa uangalifu. Na juu ya yote, picha ya Tora mwenyewe, nywele zimepangwa, midomo imetulia karibu na tabasamu. Pompilio aliikumbuka picha hiyo. Ilipigwa wakati wa baridi. Alimpanga nywele yeye kwa mikono yake, naye Tora akasema, "Nipendezeshe, mwanangu, hii ni ya watu kuitazama."

Pompilio akakaa juu ya ndoo, maana kiti kilikuwa na mtu.

Gauni jipya. Lesi. Utepe wa nywele. Pete ya bwana.

Bibi harusi!

Akajaribu kufikiri kitu kingine, kichwa kikakataa. Na bwana harusi? Hapo hakuhitaji hata kufikiri. Kule Santa Maria, kijumba kilichopakana na chao kilikuwa cha Uccio, mgane aliyepiga klarineti kwenye bendi ya mji hadi meno ya mbele yalipomuaga kwaheri. Kila Agosti Uccio alibisha hodi akiwa na sahani mkononi, akasema kwa sauti ya puani, ya asali, "Bi Tora, pweza huyu amekufa akikutaja." Na Tora kila Agosti alicheka, akapokea sahani. Pompilio mwenyewe alikula pweza yule, tena akalamba vidole!

Uccio alikuwa na mwana, Vitale. Na Vitale alikuwa ametoka Lecce majuzi, amehitimu unyozi, ana mkasi mpya na dawa ya nywele ya kunukia, na anatafuta chumba. Chumba cha chini. Kinachotazama barabara.

Pompilio akageuza macho, akakitazama kiti cha Zuriki, kioo, msumari wa kutundikia taulo. Tora akiolewa na Uccio, Uccio atahamia hapa, na Uccio akihamia hapa Vitale atashuka hapa chini, na yeye Pompilio atarudi Uswisi kuning'inia, kiti mgongoni. Na kahawa ya kwanza ya asubuhi atamiminiwa nani?

Hakumwita Donata. Kati ya Donata na mama yake hapapiti hata wembe. Tena angeanzaje? "Mke wangu, nimefungua nguo za ndani za mama yako"? Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akafunga mkanda, akalitia sanduku kwenye kabati la taulo, akafunga kabati kwa ufunguo, akafunga chumba kwa ufunguo, funguo mbili akazitia mfukoni, na mfuko akaubana kwa pini. Liwe linapanda au halipandi, tuone sasa.

Uani Tora alikuwa ameshasimama, kofia ya majani kichwani.

"Sanduku langu lipo?"

"Lipo, Mama," alisema Pompilio, na ulimi ukamkauka kama mkate wa safari. "Lipo chini kabisa. Chini ya friji."

"Basi twende."

Wakaenda. Sijui kama hiyo ilikuwa safari au maandamano. Barabara nzima ya kushuka baharini ilikuwa imejaa magari yaliyobeba nyumba zake, na anayekupita anakusalimu kutoka chini ya kabati. Ndege aliimba ndani ya friji. Rina alikuwa chunguni, chungu kikiwa mapajani mwa Donata. Tora alikaa mbele, mikono juu ya mkoba, na hakuna aliyejua kwa nini Pompilio anaendesha huku anatokwa jasho hadi kwenye masikio.

"Baba Rina, unaumwa?"

"Mimi? Hapana."

"Mbona umewasha vifutio vya mvua?"

Akavizima.

Walipofika, mizigo ikaanza kushuka. Meza ikashuka, godoro likashuka, friji ikashuka na ndege wake. Kila kitu kiliposhuka, Tora alikitazama kutoka ndani ya gari, akangoja kinachofuata. Mwisho keria ikabaki tupu, inang'aa juani.

"Na langu?" alisema Tora.

Pompilio akainama kutazama chini ya gari, kana kwamba huenda limedondokea huko.

"Ama kweli," akasema. "Labda... Mama, unajua, njia ilikuwa na mashimo."

"Njia ina lami."

"Mashimo ya lami."

Tora akafunga mlango wa gari. "Bila sanduku langu sishuki. Nirudisheni nyumbani. Nyinyi mkae huku mle nyanya."

"Mama, utaungua humo ndani!" Donata akapiga kelele.

"Niungue."

"Kuna joto la kuoka mkate!"

"Basi leteni unga."

Na kweli joto lilikuwa kali. Wanasema mshumaa wa Mtakatifu Roko uliinama wenyewe ukasujudu. Majirani wakaja. Mtu wa Galatone akisikia ugomvi wa familia huja na kiti chake. Nunziata wa uchochoroni, ambaye alikuwa amefika kabla yao, akaja na feni ya mkono. Mke wa mwokaji akaja na mkate. Wote wakalizunguka gari, wakamshauri Tora, wakamshauri Donata, wakalishauri gari. Pompilio alisimama katikati, mkono mmoja umebana mfuko wenye pini, hajui aende wapi. Aseme? Asiposema, mama mkwe ataiva kama samaki. Akisema, mama mkwe ataolewa.

Hapo umati ukafunguka, na nani akatokea? Uccio. Shati limepigwa pasi, nywele zake chache zimelazwa kwa maji, sahani mkononi.

"Bi Tora," akaanza, "pweza huyu amekufa aki—"

"Hapana!" Pompilio akapaza sauti hadi ndege akanyamaza. "Hapana, bwana! Mama, sikiliza, ukitaka kuolewa, olewa! Sina neno! Lakini niambie, mimi niende wapi na kiti changu?"

Wimbi moja likaja ufukweni, likaona watu wanavyotazamana, likarudi polepole.

"Aolewe?" alisema Donata. "Aolewe na nani?"

"Na huyu! Mwenye pweza!"

Uccio akaiachia sahani, pweza akaanguka mchangani. "Mimi? Lini? Nani amesema? Amekubali?"

"Nimeona gauni!" Pompilio alikuwa hawezi tena kujizuia. "Nimeona lesi, nimeona viatu, nimeona pete! Kila kitu kipya! Mnadhani mimi mtoto? Na utepe wa nywele, mrefu hivi!"

Kioo cha gari kikashuka taratibu. Uso wa Tora ukatokea, mwekundu kama nyanya.

"Umefungua sanduku langu?"

"Nimefungua, Mama."

"Umeuona utepe?"

"Nimeuona."

"Ukadhani wa nywele."

"Wa nini tena?"

"Wa kidevu, mwanangu," alisema Tora. "Wa kunifunga kidevu nikishakata roho, nisije nikalala jenezani mdomo wazi kama mtu anayengoja kijiko, Galatone nzima ipite ikinihesabia meno."

Wanawake wakaangua kicheko. Nunziata akaegemea gari, mke wa mwokaji akajifunika uso kwa mkate. Pompilio hakucheka. Alikuwa bado anapanga vitu kichwani: gauni, soksi, kidevu.

"Nguo za... za kuzikiwa?"

"Sasa ulitaka nizikwe na nini? Na hii kofia ya majani? Nina umri gani mimi? Nikifia huku Agosti, mtanirudisha mjini na viatu vya mpira?"

"Lakini limepanda lenyewe! Sanduku! Nimelishusha, likapanda!"

"Mara ya kwanza ni mimi," alisema Donata, akijifuta machozi ya kicheko. "Nilikudanganya niko juu."

"Nilikuwa bado sijaondoka. Kwenye banda la kuku nililitoa mimi," alisema Nunziata. "Nilipitia ukutani. Na kuku wenu ana adabu mbaya."

"Lile la barabarani ni mimi," alisema mke wa mwokaji. "Sikuwa na habari, nilikuwa napita tu na mkate. Nikaliona nje, nikasema, Mungu wangu, nguo za Tora ziko barabarani kama takataka! Nikaliweka kwenye kiti."

"Ulijuaje ni nguo zake?"

"Lina mkanda wa marehemu mumewe. Kila mwanamke anajua. Zangu mimi zimo kwenye sanduku la unga."

"Zangu chini ya kitanda," alisema Nunziata.

Pompilio akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Mimi nina droo."

"Droo ipi?"

"Ambayo huwa nakwambia imekwama."

Miaka yote hiyo! Alikuwa ameleta nyundo mara ngapi kutaka kuitengeneza ile droo! Alisimama pale, anatazama nyuso za wanawake aliowajua tangu alipokuwa na meno ya utotoni, akaona kwamba kumbe mji wote ulikuwa umefungasha, tangu zamani, na yeye peke yake, bwana wa kamba, hakujua. Na katika kuchanganyikiwa huko, kitu kingine kikamjia, kikatoka mdomoni kabla hajakizuia.

"Na mama yangu? Alikuwa na sanduku?"

Kicheko kikakatika.

Tora akafungua mlango wa gari. Akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akanyoosha mkono, Pompilio akaushika.

"Hakuwa na sanduku," alisema Tora kwa sauti ya chini. "Alikuwa na foronya. Aliniambia wakati wewe uko kwenye bwawa lako, 'Tora, iko nyuma ya picha ya Bikira.' Nikaikuta pale pale. Gauni la kijani, lile la ubatizo wako. Soksi. Shali. Kila kitu kimepigwa pasi, kimekunjwa, hakikukosekana hata kitu kimoja. Nilimvalisha mimi pamoja na marehemu mama yake Nunziata. Alipendeza, Pompilio. Hakwenda ovyo."

Pompilio akatikisa kichwa kuitikia. Akatikisa tena. Kisha akatazama mchangani, akamwokota pweza wa Uccio, akampangusa mchanga kwa mkono wa shati lake kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyemwambia amwache.

"Hukuwahi kuniambia," akasema mwishowe.

"Hukuwahi kuniuliza. Nikadhani wanaume hamtaki kujua." Kisha Tora akampiga kofi dogo shavuni. "Na kile chumba nilikupa mbele ya watu. Hata nikiolewa na askofu, ni chako. Mjinga wee. Haya, nenda kalete sanduku."

Alikwenda. Gari lilivyokuwa tupu lilirukaruka kama mbuzi, na Pompilio aliendesha na madirisha wazi. Akafungua pini, akafungua chumba, akafungua kabati. Sanduku lilikuwa limetulia, halikuwa na nia ya kwenda popote. Alilifunga kwenye keria, peke yake, kwa kamba zote alizokuwa nazo, na kila aliyekutana naye njiani alivua kofia bila kujua kwa nini.

Kule Santa Maria, sasa siri imeshakuwa ya wote, wanawake wakataka kuona. Tora akakaa barazani, akafungua. Gauni likapita mkono hadi mkono. Wakasifu lesi, wakavuta shimizi, wakajadili vifungo. Uccio alisimama mbali kwa heshima, shingo ikiwa imerefuka kama ya bata.

"Hebu vaa viatu, Tora," alisema Nunziata. "Tuone."

Tora akavua viatu vya mpira. Akaingiza mguu. Mguu ukaingia nusu, ukakataa. Akasukuma, akauma meno, kisigino kikaingia kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Akasimama, akapiga hatua, akashika ukuta.

"Aii! Mungu wangu, vinanibana!"

"Ulivijaribu ulipovinunua?"

"Nilivijaribu! Miguu ndiyo imenenepa, viatu viko ndani ya sanduku, ningejuaje?" Akakaa, akavitazama kwa hasira. "Wazia. Ningelala na hivi mpaka siku ya kufufuka! Mpaka baragumu ilie, wenzangu wote wanainuka wanakimbia, mimi nachechemea nyuma!"

Donata akasema wanunue vingine. Tora akasema hafi kwa viatu vya haraka haraka. Ngozi ni nzuri, akasema, inataka kutembezwa tu. Akamwita mkwe wake.

"Pompilio."

"Naam, Mama."

"Katika sanduku hili kuna kitu kimoja kimepungua, na sijui nikitie vipi. Mimi nina ndevu hapa, unaziona? Chini ya mdomo. Nunziata atanivalisha, Donata atalia, lakini nani atazitoa hizi? Sitaki nikalale nazo. Uje wewe, na wembe wako mzuri, na maji ya moto. Ya moto, nasema, hata kama mimi sitajua."

Sharubu za Pompilio zikatetemeka. "Nitakuja, Mama. Hata nikiwa Uswisi nitakuja."

"Uswisi kwenda kufanya nini? Nimekwambia chumba ni chako."

Basi kuanzia siku hiyo, jua likipungua makali, Tora alivaa viatu vyake vya kuzikiwa na kwenda kuvitembeza kando ya bahari, kwenye ile njia ya mawe. Na kwa kuwa mawe hayakulingana na viatu vilimbana, alihitaji mkono wa kushikilia. Mkono aliopewa ulikuwa wa Uccio.

Siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, bendi ikapiga ufukweni na biringani zikaliwa hadi watu wakalegeza mikanda. Pompilio alikuwa barazani, uma mkononi, akawaona wanapita. Viatu vilikuwa vimelainika. Tora hakuchechemea tena hata kidogo. Mkono lakini alikuwa bado ameushika. Na kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza, alikuwa amefunga nywele nyuma, kwa utepe mweupe wa satini, mrefu.

Pompilio akashusha uma. Akatazama viatu, akatazama utepe, akatazama Uccio anavyonong'ona kitu na Tora anavyocheka hadi akasimama.

"Mama!" aliita. "Sasa niambie mimi, hivyo vitu ni vya jambo lipi, harusi au mazishi?"

"Vya lolote litakaloanza kufika!" Tora akajibu bila kugeuka.

Pompilio alibaki amekodoa macho, mdomo wazi. Donata akamsogezea sahani.

"Funga mdomo, baba Rina," akamwambia, "nisije nikakuletea utepe."